Jokofu bovu, runinga za chogo na betri ya sola: nani atavichukua?

Swali: Habari za kazi, Mhandisi. Mimi ni mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Tunajiandaa kuhamia nyumba ndogo zaidi, na stoo imejaa vitu visivyo na kazi tena: jokofu lililokufa, runinga mbili za chogo, betri kubwa ya sola, magodoro mawili ya sponji, boksi la taa za kubana matumizi zilizoungua na pawabenki iliyovimba. Vijana wa gari la taka wamekataa kuvibeba. Kijana wa vyuma chakavu yuko tayari kununua betri na kompresa ya jokofu, vingine anasema niviache hapo nje. Mdogo wangu anayeishi Ujerumani ananiambia kwao mtu anapiga simu, anapanga vitu mbele ya nyumba, na gari linakuja kuvizoa. Kwetu hapa nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, nashukuru kwamba umevitaja vitu vyako kimoja kimoja, kwa kuwa kila kimoja kina njia yake ya kuondoka nyumbani na ushauri wa jumla kuhusu taka usingekufaa. Nianze na huyo kijana wa vyuma chakavu, maana bila kukusudia ndiye aliyekuonyesha kiini cha tatizo. Anataka kompresa kwa sababu ina chuma kizito na nyaya ndani yake zinazolipa kwenye mzani. Anataka betri kwa sababu ya madini ya risasi. Na gamba la jokofu, lenye povu lisilo na mnunuzi, anakuachia wewe. Karibu kila kifaa kinachotushinda kukitupa kina sehemu yenye soko na sehemu yenye madhara, zote zimefungwa katika mwili mmoja, na biashara ya mtaani inaishi kwa kuzitenganisha: yenye soko inaondoka na toroli, yenye madhara inabaki mlangoni au mtaroni. Kifaa kizima kilichokaa stoo mara nyingi hakimdhuru mtu. Shida huanza pale kinapovunjwa. Kwa sababu hiyo ushauri wangu kuhusu vifaa vyako vya umeme na betri ni mmoja, na nitaufafanua kwa kila kimoja: kitoke kwako kikiwa kizima, kiende kwa anayekichukua kizima, hata kama atakupa fedha pungufu kuliko yule wa mlangoni, au asikupe kabisa.

Vijana wa gari la taka usiwalaumu. Ada unayolipa kila mwezi imepangiwa taka za kila siku, za jikoni na za kufagia, na mkandarasi au kikundi kilichopewa eneo lenu kinabeba gharama ya mafuta hadi dampo la Pugu Kinyamwezi na kurudi. Jokofu moja linakula nafasi ya viroba vingi na halishindiliki, na likifika dampo hakuna mtambo unaolisubiri, isipokuwa waokotaji watakaolivunja kwa nyundo ili kuifikia kompresa ileile. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu kwa jumla, lakini taka hatarishi na taka za vifaa vya umeme na kielektroniki zina kanuni zake za mwaka 2021 zinazosimamiwa na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ambazo zinamtaka anayezikusanya awe na kibali. Kwa hiyo kijana anapokataa kupakia betri yako, uvivu wake, kama ni uvivu, umekubaliana na sheria.

Nawe kwa kuwa ni mtu wa Tabata, huenda umewahi kusikia kwa wazee habari za dampo lililokuwa hapo kwenu. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 kupinga Jiji kumwaga taka katikati ya makazi yao, na wakasikilizwa. Malori yakaelekezwa Kunduchi Mtongani, ambako wakazi nao walifungua shauri mwaka 1991. Ndipo ikaja Vingunguti, halafu Mtoni, na sasa Pugu. Ninaikumbusha historia hiyo kwa sababu moja tu: malori yamehama mara zote hizo, lakini risasi na zebaki zilizokwisha kufukiwa hazihami na wala hazitaoza.

Anachosema mdogo wako ni kweli, ila kuna mambo mawili ambayo huenda hakuyaeleza. La kwanza ni kwamba huduma hiyo imelipiwa. Ujerumani ina sheria ya vifaa vya umeme tangu mwaka 2005 inayowataka watengenezaji na waingizaji wa vifaa wajisajili na kugharamia urejelezaji, maana yake gharama ya kuliondoa jokofu imo tayari ndani ya bei ya jokofu jipya. Na maduka makubwa yanayouza vifaa hivyo yanalazimika kupokea kifaa chakavu mteja anaponunua kipya cha aina hiyohiyo. Juu ya hayo, kila kaya inalipa ada ya taka ambayo kwa kipimo chetu ni kubwa. La pili ni kwamba hata huko vitu haviendi pamoja. Godoro na kabati huzolewa na gari la vitu vikubwa, jokofu na runinga zina utaratibu wake, na makopo ya rangi, betri na dawa za wadudu hupelekwa kwenye kituo cha kupokelea au kwenye gari maalumu la taka za sumu linalozunguka mitaa kwa ratiba. Jambo la kwanza linahitaji Bunge na forodha. La pili tunaweza kuliiga leo, kwa kuwa kutenganisha hakuhitaji mtambo. Wala usidhani wenzetu wa mbali wamemaliza kazi: katika tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizozalishwa duniani mwaka 2022, zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo. Kwa Afrika ni chini ya asilimia moja.

Sasa tuingie stoo. Ligeuze jokofu utazame kibandiko kilichoko nyuma, karibu na kompresa, au ubavuni kwa ndani. Utaona herufi R ikifuatwa na namba, na hiyo ndiyo gesi iliyomo kwenye mabomba. R12 ni ya majokofu ya zamani sana, na ni mojawapo ya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni ambazo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulikuja kuziondoa. R134a haigusi ozoni, lakini gramu moja yake ikiachiwa hewani inaongeza joto la dunia kama gramu 1,430 hivi za hewa ya ukaa. Jokofu la nyumbani lenye gramu 120 tu linapotobolewa, ni sawa na kuachia kilo zipatazo 170 za hewa hiyo kwa mpigo. Ni gesi za jamii hii ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza zilipokutana Kigali mwezi Oktoba mwaka 2016. R600a, inayotumika kwenye majokofu mengi mapya, ina athari ndogo sana kwa hali ya hewa lakini ni ndugu wa gesi ya kupikia na inawaka moto, kwa hiyo anayelikata bomba lake kwa grainda huku cheche zinaruka anajiweka mwenyewe hatarini.

Kabla ya kulizika jokofu, mwite fundi wa majokofu alipime. Majokofu mengi yanayoitwa mabovu yamekufa kwa kifaa kidogo cha kuwashia kompresa au cha kupimia ubaridi, na fundi anaweza kulinunua zima akalifufua. Hiyo ndiyo njia bora kuliko zote, isipokuwa kama ni kongwe lililokuwa likila umeme kupita kiasi. Hilo sioni sababu ya kumhamishia mwingine mzigo. Akisema halifufuki na anataka vipuri, muulize swali moja: gesi utaiweka wapi? Fundi mwenye mashine ya kuvutia gesi na mtungi wa kuihifadhia atakuonyesha. Anayejibu kwamba ataiachia tu, mshukuru na umtafute mwingine. Kumbuka pia kwamba kompresa ina mafuta ndani yake, ambayo yakimwagwa uani yanaharibu udongo na yana uwezo wa kuingia kisimani.

Kuna kitu kimoja tu ninachokuruhusu kukifungua mwenyewe kwenye jokofu, nacho ni mlango. Ung'oe leo, au uufunge kwa kamba imara. Watoto wanaocheza kombolela na kujificha huingia ndani ya majokofu mabovu, na hewa huisha haraka wakiwa wamejifungia. Kuung'oa mlango hakugusi bomba la gesi.

Runinga za chogo ndizo zitakazokusumbua zaidi, kwa sababu hazina thamani ya kumvuta mnunuzi mwaminifu na zina shaba ya kutosha kumvuta asiye mwaminifu. Kile kioo chake kizito ni vioo viwili vilivyounganishwa. Cha nyuma, chenye umbo la mdila, kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi iliyokuwa ikizalishwa ndani isimfikie mtazamaji, na runinga moja inaweza kuwa na kilo moja hadi tatu za madini hayo. Yakiwa ndani ya kioo kizima yametulia. Sasa mtazame mvunjaji anavyofanya kazi: anafungua gamba la plastiki kwa bisibisi, anagonga ile shingo nyembamba iliyoko mwisho wa kioo, hewa inaingia kwa mluzi kwa kuwa ndani hakukuwa na hewa kabisa, na akikosea pigo kioo kinapasuka kwa kuvutwa ndani na vipande vinaruka hadi usoni. Shingo ikishavunjika anachomoa koili ya shaba iliyoizunguka, anakata nyaya, anabandua bodi kama anamjua mnunuzi wake, kisha anainuka. Kinachobaki ni kioo chenye risasi na unga mweupe unaopeperuka, kando ya mtaro ambao mvua ya kwanza itausafisha kuelekea bondeni. Nyaya nazo huchomwa ili plastiki iungue ibaki shaba, na moshi wa plastiki hiyo una sumu zinazoitwa dayoksini, ambazo hukaa mwilini kwa miaka. Yote hayo ni kwa ajili ya shaba isiyofika hata kilo moja.

Kama mojawapo bado inawaka, usiione aibu kuigawa. Tangu matangazo ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 itahitaji king'amuzi, lakini ving'amuzi vingi bado vina matundu ya zile nyaya za rangi tatu, na kuna kibanda cha mlinzi au mama lishe ambaye ataitumia. Isiyowaka ihifadhi ikiwa imefungwa, mahali pakavu, mpaka siku ya ukusanyaji nitakayoieleza hapa chini. Mtu yeyote wa nyumbani asiifungue kwa udadisi, hata kama imechomolewa siku nyingi, kwa sababu kioo chake kinaweza kuwa bado kimehifadhi umeme wa volti maelfu.

Betri ya sola ni kinyume chake: wanunuzi watagombana. Betri ya aina hiyo yenye uwezo wa ampea-saa 100 (Ah) ina uzito wa karibu kilo 30, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi, ambayo karibu yote inaweza kuyeyushwa na kutumika tena katika kiwanda chenye vichujio vya moshi. Ikiyeyushwa penginepo, gharama yake tunaijua, wala haiko mbali. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyushia betri kilichojengwa ubavuni mwa makazi kiliwatia wakazi sumu ya risasi, wakiwemo watoto. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi, alipewa Tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira mwaka 2015. Mahakama ya mazingira ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya rufaa kwenda na kurudi, Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo mwezi Desemba 2024. Hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichokimeza.

Kwa hiyo ipeleke betri kwenye duka la betri linalopokea za zamani, ambako mara nyingi unapunguziwa bei ukinunua mpya, au kwa mnunuzi mwenye kibali, na uifikishe ikiwa na maji yake. Hapa ndipo penye mtego. Wapo wanunuzi wanaotaka umwage maji ya betri kwanza ili mzani upime risasi peke yake, na mwenye nyumba anaona ni jambo dogo. Maji hayo ni asidi ya salfa iliyochanganyika na risasi. Ukiyamwaga uani umeyapanda pale watoto wanapochezea. Muuzie anayekata bei kwa betri yenye maji, au usiuze. Mpaka itakapoondoka isimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, funika vichwa vyake kwa gundi ya karatasi au mpira, na usiilaze kwenye bajaji. Ikivuja, vaa glavu, nyunyizia magadi soda mpaka povu liishe, kisha suuza kwa maji mengi.

Pawabenki iliyovimba ni ndogo kuliko vyote ulivyovitaja, lakini ndiyo ninayotaka uishughulikie kwanza, leo hii ukimaliza kusoma. Kuvimba maana yake gesi imejaa ndani ya betri ya lithiamu iliyoanza kuharibika. Usiichaji, usiitoboe kutoa hewa kama wanavyofanya baadhi ya watu, usiikalie na usiitie kwenye kiroba cha taka, kwa sababu ikibanwa ndani ya gari inaweza kushika moto katikati ya karatasi na plastiki. Iweke kwenye kopo la bati, la maziwa ya unga kwa mfano, iliyozungukwa na mchanga mkavu pande zote, usilikaze kifuniko, na uliweke nje ya nyumba kivulini, mbali na mtungi wa gesi. Humo itasubiri bila kukutia wasiwasi. Betri za tochi za kawaida hazina hatari ya namna hii. Zile za duara kama kifungo ni habari nyingine: mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili, kwa hiyo zifunge na gundi mara tu unapozitoa kwenye saa au rimoti.

Boksi la taa halihitaji hofu, linahitaji utulivu. Kila taa ya kubana matumizi ina zebaki kiasi cha miligramu tatu hadi tano, na ikiwa nzima zebaki hiyo haitoki. Zirudishe kwenye maboksi yake au uzifunge kwa magazeti ili zisigongane. Ikipasuka moja wakati wa kuhama, watoe watoto chumbani, fungua madirisha na uzime feni, mwondoke kwa dakika kumi au kumi na tano; ukirudi usitumie ufagio, kwa kuwa ufagio unaitawanya zebaki. Kusanya vipande kwa kadi ngumu, unga uliobaki ubandue kwa selotepu, pangusa kwa karatasi yenye maji, na kila kitu pamoja na hiyo karatasi ukitie kwenye chupa yenye kifuniko. Mirija mirefu ya taa za dukani ina utaratibu huohuo. Taa za LED hazina zebaki, na ndizo utakazozikuta madukani zaidi na zaidi, kwa kuwa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kusimamisha utengenezaji na biashara ya hizi nyingine.

Magodoro ni rahisi, na hapa nakuruhusu kukata upendavyo, maana ndani hamna kitu kilichofichwa. Toa kitambaa, anika sponji juani, kisha waulize mafundi sofa. Keko wapo wengi, na hata hapo Tabata hutakosa fundi anayehitaji sponji ya kujazia mito na migongo ya viti. Kama lina kunguni sema wazi na ulifunge kwenye nailoni, la sivyo utakuwa umewagawia watu adha. Usilichome kabisa. Sponji ikiungua hutoa hewa ya sumu aina ya sayanidi pamoja na kaboni monoksaidi, na wanaoiwasha jioni nyuma ya ukuta wanaifukizia nyumba ya jirani. Lisilofaa kwa lolote likunje, lifunge kamba, na hilo gari la taka litalichukua kwa malipo ya ziada mtakayoelewana.

Hivyo basi godoro, betri na huenda jokofu vimepata njia, na vilivyobaki mkononi ni runinga, taa, pawabenki na gamba la jokofu kama halikufufuka. Hivi ndivyo vinavyohitaji mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali, na Dar es Salaam wapo. Ofisi za kanda za NEMC zinaweza kukuelekeza kwa waliosajiliwa. Ugumu ni kwamba mkusanyaji kama huyo akituma gari Tabata kwa runinga mbili na boksi la taa, mafuta yanamzidi anachokipata. Nyumba moja haimlipi. Nyumba arobaini zinamlipa, na ninakuhakikishia kwamba stoo za majirani zako zina runinga za chogo kama zako.

Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mtendaji, ukiwa umekwisha kuzungumza na afisa mazingira wa kata, na upendekeze Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo tayari ni siku ya usafi na watu wako majumbani. Tangazo litolewe wiki mbili kabla, msikitini, kanisani na kwenye makundi ya simu ya mtaa, likitaja kinachopokelewa na kisichopokelewa, na kila kaya iandikishe ilichonacho ili mkusanyaji ajue alete gari la ukubwa gani. Orodha hiyo ndiyo itakayomfanya akubali kuja. Ahadi za mdomo hazimhamishi mtu mwenye gari.

Katika hatua hii hatuwezi kuwaiga Wajerumani wa mdogo wako. Vitu visipangwe kando ya barabara usiku wa kuamkia siku hiyo. Jokofu likilala nje, asubuhi mtalikuta bila kompresa, na runinga mtazikuta shingo zimevunjwa. Viletwe asubuhi ileile kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, au gari lipite mlango kwa mlango na kila kitu kitoke ndani kikipokelewa mkono kwa mkono. Na wale vijana wa vyuma chakavu, ambao wapo viongozi wa mtaa wanaotamani kuwafukuza, mimi ningewaajiri siku hiyo. Wana matoroli, wanaijua kila nyumba yenye kifaa kibovu, na wakilipwa kiasi kidogo kwa kila kifaa watakachokifikisha kikiwa kizima, watakuwa na sababu ya kutokivunja njiani. Fedha hizo zinaweza kutoka kwa mkusanyaji mwenyewe, maana bodi na shaba zina faida kwake, au kwa mchango mdogo wa kila kaya inayoleta runinga.

Mkusanyaji akija, aonyeshe kibali kabla ya kupakia, na mwulize kuhusu kile kisicholipa: vioo vya runinga anavipeleka wapi, na taa zenye zebaki anazihifadhi vipi? Kuhusu bodi na shaba kila mtu ana jibu zuri. Anayekwambia kwamba vioo anavimwaga dampo hana tofauti kubwa na wa toroli, isipokuwa gari. Ofisi ya mtaa ichukue stakabadhi yenye idadi ya vifaa, ili mwaka unaofuata mjue mnamwita nani.

Ikiwa tarehe yenu ya kuhama itafika kabla ya siku hiyo, pawabenki na kopo lake zisipande kwenye kenta pamoja na vyombo. Mwombe jirani mwenye uwanja wazi alihifadhi, umweleze kilichomo. Taa mzibebe juu kabisa ya mizigo. Runinga nazo mnaweza kuhama nazo bila tatizo, lakini waambie wapakiaji kwamba uzito wake wote uko mbele: zilazwe kioo kikiangalia chini, juu ya godoro au blanketi, na zisiwekewe kitu juu.